SI UZI TU!

Wahenga walinena kwamba kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Leo nimeishika kalamu ili niwaonyeshe kunguni wa kazi ya krosheti, kazi ambayo wengi wenu mmeikalia bila kuijua. Naam, mmeikalia! Nyumba nyingi za hapa Juja, kuanzia Kalimoni hadi Gachororo, hazihesabiwi kuwa zimekamilika mpaka makochi yavishwe vitambaa vya kufumwa. Je, umewahi kujiuliza vilitoka wapi?

Hoja yangu ni moja na naitoa mapema. Anayetaka kitu kilichofumwa kwa mkono ailipie mikono, asilipie uzi peke yake. Na anayepewa kitu hicho kuwa zawadi, ajue amepewa nini.

Kwa wasiojua, krosheti ni kufuma kwa sindano moja tu, yenye kijikulabu nchani. Unaanza na kitanzi kimoja, unavuta uzi ndani yake kinazaliwa cha pili, kisha cha tatu, mpaka unapata mnyororo. Halafu unarudi juu ya mnyororo huo, mstari baada ya mstari. Sasa sikilizeni jambo ambalo wengi hawalijui. Sweta zetu za shule zina mashine zake. Shati lako lina mashine zake. Lakini hadi leo viwanda havina mashine inayofuma krosheti halisi jinsi mkono unavyofuma. Zilizopo hutoa kitu kinachofanana nayo kwa mbali tu. Kwa hivyo kila blauzi ya krosheti halisi unayoiona, hata ile inayoning'inia katika duka la kifahari jijini Nairobi au Paris, kuna binadamu aliyeketi kitako akaifuma kitanzi kwa kitanzi.

Je, binadamu huyo hupitia nini? Adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Ukiruka kitanzi kimoja katika mstari wa 4, hutajua mpaka ufike mstari wa 20 uone kitambaa kimeanza kupinda kama barabara ya mlimani. Dawa yake ni kufumua tu. Kiswahili chetu ni kitamu jamani: fuma na fumua ni maneno ya tumbo moja, na kila mfumaji anawajua wote wawili. Jioni nzima inaweza kuishia hivyo, uzi umerudi kuwa donge na wewe huna la kuonyesha isipokuwa shingo inayouma.

Uzi wenyewe nao una vituko. Madonge mawili ya rangi ya samawati yanaweza kutofautiana kidogo kwa sababu hayakutiwa rangi pamoja. Ndiyo maana karatasi ya donge huandikwa namba ya rangi. Mfumaji mzoefu hulinganisha namba hizo kabla ya kulipa, na hununua donge moja la ziada. Asipofanya hivyo, uzi utamwishia akiwa amebakisha mkono mmoja wa sweta, aende Thika mbio mbio, na huko aambiwe, "Hiyo imeisha, labda mwezi ujao."

Hayo yote huvumilika. Lisilovumilika ni bei. Mama yangu hufuma, na sanduku nililokuja nalo kidato cha kwanza lilinunuliwa kwa pesa za vitambaa. Likizo iliyopita alifuma sweta ya mtoto mchanga pamoja na kofia yake. Madonge 3 ya uzi, kila moja shilingi 150, jumla 450. Nilihesabu saa alizokaa na sindano: saa 20. Mteja alipokuja akasema, "Mama, si unipunguzie? Chukua mia sita. Kwani si ni uzi tu?" Mama alimpa, kwa kuwa shule zilikuwa zinafunguliwa Jumatatu.

Hebu tupige hesabu, tena mwalimu wetu wa hisabati atatusahihisha. Mia sita toa mia nne na hamsini, inabaki 150. Gawanya kwa saa 20. Ni shilingi 7 na senti 50 kwa saa! Nauli ya matatu kutoka hapa hadi Thika haitoshi. Na wateja si wageni peke yao. Hata hapa shuleni wapo wanaosema, "Nifumie marvin, nitakuletea uzi," kana kwamba mikono ya mwenzao humwagiwa mafuta bure.

Najua kuna atakayesema: mbona nisijinunulie sweta ya mtumba kwa shilingi 100? Haki yako! Huku kwetu kuna baridi na mifuko mitupu, na mitumba imewavisha wengi, mimi nikiwemo. Ni kweli pia kwamba milango ilipofunguliwa kwa mitumba katika miaka ya 1990, viwanda vya nguo nchini viliumia, na mji wa Thika unalijua hilo vyema. Lakini sigombani na anayekwenda Gikomba. Nagombana na yule anayetaka kazi ya mkono, iliyopimwa mwili wa mtoto wake, kwa rangi aliyoichagua mwenyewe, halafu atoe bei ya Gikomba. Hapo ndipo asante ya punda inapokuwa mateke.

Msidhani basi kwamba nawakatisha tamaa. Krosheti ina utamu wake, la sivyo watu wangeiacha zamani. Inahitaji sindano moja na donge moja, na unaweza kuifanya ukingoja zamu kwenye kliniki au ukichunga githeri jikoni. Shosho zetu walisuka viondo huku wakitembea kwenda sokoni. Hii ni ndugu yake. Tena imewahi kuokoa watu. Huko Ireland, viazi vilipooza na njaa kuu ikaingia mwaka wa 1845, wanawake wengi walifundishwa kufuma leso na kola za krosheti, zikauzwa ng'ambo, na familia zikapata chakula.

Utamu mkubwa zaidi ni wa zawadi. Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Mwanafunzi asiye na senti anaweza kumpa shosho yake shali ambayo hakuna duka linaloiuza. Shosho akijifunika mwezi wa Julai, baridi ya Juja ikipuliza, kila kitanzi kinamwambia kwamba kuna mtu aliyekaa akimfikiria. Lakini anayetoa naye ana wajibu. Apime kabla ya kufuma, kwa maana mtoto hungoji akue polepole. Aulize kama uzi wa sufu humwasha mpokeaji. Na akishatoa, asizunguke akikagua ikiwa zawadi inavaliwa kila Jumapili. Zawadi si deni.

Na ninyi wavulana mnaochekelea huko nyuma, ngojeni kidogo. Huko Lamu wanaume nao huketi wakadarizi kofia za mkono, na kofia moja nzuri huweza kuchukua miezi. Hakuna anayewacheka, na mnunuzi mwenye adabu hamwambii fundi ati "si ni uzi tu." Sindano haiulizi wewe ni mvulana au msichana.

Kwa hivyo naomba mambo matatu. Kwanza, kila anayefuma aandike saa zake kwenye daftari na kumwonyesha mteja kabla ya kutaja bei; aibu itafanya kazi yake. Pili, asiyeweza kulipa aombe kitu kidogo, kama kitambaa kimoja badala ya seti nzima, au alete kazi ya kubadilishana: nifumie kofia, nikufulie sare wiki tatu. Hiyo ni haki. Tatu, siku ya wazazi ikifika, chama chetu kitenge meza moja ya kazi za mikono, na kila kitu kiandikwe bei ya uzi na idadi ya saa zilizotumika.

Wazazi wasome. Walimu wasome. Kisha atakayetaka kupunguziwa aombe, lakini akiwa anajua anachokiomba. Chanda chema huvikwa pete, nao mkono mwema ulipwe. Wasalaam.

Mwanachama, Kidato cha 3