Ijueni Nchi Kabla ya Kuikanyaga

Mwezi huu twataka kuzungumza habari ya safari.

Katika nyumba zetu hapa Mpanda limeingia jambo ambalo wazee hawakulizoea. Mtoto aliyemaliza masomo, au mwalimu kijana aliye likizoni, asema ataka kwenda kuitazama Afrika, nchi baada ya nchi, kwa basi na kwa meli na kwa gari la moshi, hali mzigo wake wote u mgongoni katika begi moja. Wako wazazi wanaokasirika na kusema huo ni uzururaji. Wako na wengine watoao nauli na baraka, wasiulize neno. Nionavyo mimi, pande zote mbili zimepungukiwa. Safari si dhambi, wala si kila safari iliyo na faida. Kinachozitenga ni maarifa ambayo msafiri ameyapata kabla ya kutoka mlangoni mwa baba yake.

Jambo hili si geni katika Maandiko. Katika kitabu cha Hesabu, sura ya 13, twasoma ya kuwa Musa alichagua watu kumi na wawili, mmoja wa kila kabila, awatume kuipeleleza nchi ya Kanaani. Kabla hawajaondoka aliwapa maswali. Nchi yenyewe ni njema au mbaya? Watu wake ni wachache au wengi, ni hodari au dhaifu? Wanakaa katika kambi au katika miji yenye ngome? Udongo una rutuba au hauna? Miti ipo? Tena aliwaagiza walete matunda ya nchi. Angalieni, hakuwauliza rangi ya bendera wala jina la mji mkuu. Aliwauliza mambo ambayo mtu hana budi kuyajua ili aishi mahali pale. Walimu wetu na wafikiri neno hili, kwa kuwa mara nyingi tumewakaririsha watoto majina ya miji mikuu tukadhani tumewafundisha nchi.

Basi, kijana na aanze na jirani. Nchi yetu ya Tanzania imepakana na nchi nane: Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi, Congo, Zambia, Malawi na Msumbiji. Katika hizo, tatu twashiriki nazo maji ya Ziwa Tanganyika, ndizo Congo, Burundi na Zambia. Mtoto asimamapo ufukweni Karema na aambiwe ya kuwa ng'ambo ni Moba, na kaskazini yake ni Kalemie. Na ya kuwa hapo Kalemie maji ya ziwa hutoka kwa mto Lukuga, yakaingia mto Congo, yakaishia Bahari ya Atlantiki. Lakini mvua inyeshayo katika nyanda za Katavi hufuata mto Katuma kwenda Ziwa Rukwa, nalo halina mto wa kutokea. Mtoto aliyeelewa hivi ameanza kuijua Afrika, hata kama hajapanda basi.

Tena iko Burundi. Atakaye kuijua nchi hiyo hana haja ya kwenda mbali. Mwaka 1972 watu wengi walikimbia mauaji huko, wakapokewa nchini mwetu, wakapewa makao Katumba na Mishamo katika mkoa wetu, na Ulyankulu upande wa Tabora. Wakafyeka msitu, wakalima, wakajenga makanisa. Mwaka 2014 zaidi ya watu 150,000 wa makazi hayo matatu walipewa uraia wa Tanzania. Lakini mpaka leo kuna Mkristo ambaye kinywa chake bado chawaita wakimbizi, ijapokuwa hupiga magoti nao katika Misa moja. Mtu wa namna hiyo akivuka mpaka kwenda Bujumbura, atakwenda kujifunza nini? Na aende kwanza kwa mzee wa Katumba, akae naye kivulini, amwulize jinsi watu wa kwao wanavyosalimiana, wanavyolima na wanavyozika. Hapo atakuwa ameonja tunda la nchi kabla ya kuikanyaga.

Baada ya jirani hufuata bara. Wazee waliosoma zamani wajue ya kuwa majina waliyofundishwa yamebadilika. Rhodesia ya Kaskazini ni Zambia tangu mwaka 1964. Volta ya Juu ni Burkina Faso tangu 1984. Zaire ilirudia jina la Congo mwaka 1997. Sudani Kusini ilijitenga mwaka 2011. Swaziland ikawa Eswatini mwaka 2018. Congo nazo ni mbili, na miji mikuu yao, Kinshasa na Brazzaville, yatazamana ng'ambo na ng'ambo ya mto mmoja. Mataifa ya Afrika yaliyo katika Umoja wa Mataifa ni 54. Wala mtu asidanganywe na ramani ya ukutani, maana nyingi huikuza mno kaskazini ya dunia. Kisiwa cha Greenland huonekana kama kimelingana na Afrika, kumbe Afrika ni kubwa kuliko hicho yapata mara 14.

Kwa sababu ya ukubwa huo, majira hayafanani. Sisi hapa twapata mvua tangu Novemba hata Aprili, na mwezi wa Julai ni kiangazi. Lakini kule Mali na Niger mvua hunyesha Juni hata Septemba. Kijana akiondoka hapa katika vumbi atakuta huko matope. Na kusini, katika milima ya Lesotho, mwezi huohuo wa Julai theluji huweza kuanguka. Aliyefungasha shati jepesi tu atajuta.

Desturi za njiani nazo ni mbalimbali. Magari ya Tanzania, Kenya, Uganda, Zambia, Malawi na Msumbiji hupita kushoto. Ya Rwanda, Burundi na Congo hupita kulia. Mtu akivuka barabara ya Bujumbura kwa mazoea ya Mpanda aweza kupoteza uhai. Katika Afrika ya Magharibi nchi nane zatumia faranga moja, na katika Afrika ya Kati nchi sita zatumia faranga yao nyingine. Jina lao ni moja, lakini noti za upande mmoja si za kununulia upande wa pili. Kireno chasemwa Msumbiji na Angola, Kifaransa katika nchi nyingi za magharibi, Kiarabu kaskazini yote. Kiswahili chetu chafika mashariki ya Congo, ila maneno yao mengine si yetu. Msafiri asiwacheke, bali aulize. Kule Ethiopia atakuta jambo la kumfurahisha, maana saa zao huhesabiwa kama zetu, tangu mapambazuko. Lakini mwaka wao una miezi 13, nao u nyuma ya wetu kwa miaka saba au minane, na Noeli husherehekewa tarehe 7 Januari.

Sasa ninyi wazazi, sikilizeni neno la afya na hati, kwa sababu hapa ndipo penye machozi. Kijana na awe na pasipoti iliyo hai, wala asidhani ya kuwa kwa sababu nchi zimo katika Jumuiya ya Afrika Mashariki mipaka imefutwa. Na aulize ubalozi wa kila nchi kabla ya kulipa nauli. Nchi nyingi za Afrika hutaka cheti cha chanjo ya homa ya manjano, nacho huanza kukubaliwa siku kumi baada ya kuchanjwa. Basi aliyechanjwa leo asisafiri kesho. Malaria twaijua sote, lakini mtu akiugua mahali asipojua lugha, asipojua hospitali, na fedha imekwisha, ugonjwa mdogo huwa mkubwa. Tena sehemu za mashariki ya Congo zimekuwa na vita kwa miaka mingi, nazo nchi za Sahara na Sahel zina njia zisizo salama. Kuuliza habari hizi si woga. Aiachaye njia mbaya amewaokoa wazazi wake na msiba.

Liko na neno lingine ambalo Mkristo asilisahau. Wengine husema imani yetu ni ya Wazungu. Na afungue ramani. Simoni aliyeuchukua msalaba wa Bwana alitoka Kirene, nchi ya Libya ya leo. Towashi aliyebatizwa na Filipo alikuwa mtu wa nchi ya Kushi, kusini ya Misri. Mtakatifu Augustino alikuwa askofu wa Hippo, mahali paitwapo sasa Annaba, nchini Algeria. Kanisa la Ethiopia li hai tangu karne ya nne. Na mapadre waliokabidhiwa ngome ya Karema mwaka 1885, ile iliyojengwa na Wabelgiji tangu 1879, walikuwa wa shirika lililoanzishwa Algiers mwaka 1868.

Wala mfano wa msafiri mwema hauko mbali nasi. Adrien Atiman alizaliwa karibu na Timbuktu, katika nchi ya Mali. Alipokuwa mtoto alishikwa akauzwa, akavushwa jangwa la Sahara. Mapadre wakamkomboa huko Algeria, akapelekwa Malta kusomea utabibu, kisha mwishoni mwa miaka ya 1880 akaja Karema akiwa tabibu na katekista. Alioa binti wa Kibende, na mwanawe Joseph akawa padre. Aliwatibu watu wa pwani ile ya ziwa kwa zaidi ya miaka 60, hata alipofariki mwaka 1956. Yeye hakuichagua safari yake ya kwanza, maana aliburutwa kwa nguvu. Lakini nchi ya ugenini aliijua kwa kuwatumikia watu wake, hata ikawa nchi yake.

Turudi kwa wale kumi na wawili wa Musa. Wote walipita njia moja, wakakaa siku zilezile arobaini, wakaona miji ileile na watu walewale warefu, wakabeba kichala kilekile cha zabibu. Lakini kumi walirudi wakiisingizia nchi, na mkutano wote ukalia usiku ule. Yoshua na Kalebu peke yao waliisema nchi kwa haki. Basi macho peke yake hayatoshi. Kijana aliyefundishwa nyumbani kwake kuwadharau majirani atazunguka bara zima na kurudi na dharau yake ndani ya begi.

Kwa hiyo nawasihi, kabla kijana hajatoka, mtengeni jioni chache baada ya sala. Wekeni ramani mezani. Kila jioni chagueni nchi moja tu atakayopita, mkaulizane maswali kama yale ya Musa. Kijana na aandike majibu katika daftari, na asiyoyapata akayaulize kwa mwalimu, kwa tabibu, kwa padre, au kwa mtu aliyezaliwa nchi hiyo. Nchi ambayo hamkuweza kuijibia lolote, na aiache kwanza. Wahenga wamesema, mgeni njoo mwenyeji apone. Lakini mwenyeji atapona nini kwa mgeni asiyejua hata kumwamkia?

Maswali ya kuulizana nyumbani mwezi huu:

1. Maji ya Ziwa Tanganyika huishia bahari gani, na kwa njia ya mito ipi?
2. Ni nchi zipi jirani ambazo magari yake hupita kulia?
3. Kwa nini Yoshua na Kalebu hawakupatana na wenzao kumi, ijapokuwa wote waliona nchi moja?
4. Katika mtaa wenu, nani alizaliwa nchi nyingine, na ni lini mlipokwenda kumsalimu?