Daraja lachorwa, mvukaji haulizwi

Ndugu wanachama wa visiwani huenda wakauliza: daraja la Malagarasi, kule Kigoma, latuhusu nini sisi? Latuhusu. Ujiji umefungamana na Unguja tangu zama za misafara, na aliyetaka kufika huko alivuka Malagarasi kwa mtumbwi, baada ya kuwatolea hongo watawala wa Uvinza. Stanley alilipa mwaka 1871, na juu ya hayo mamba akamla punda wake mtoni.

Leo, alhamdulillahi, msafiri wa Tabora na Kigoma huvuka juu ya daraja lenye jina la Rais Kikwete, lililojengwa kwa mkopo wa Korea ya Kusini. Hatulikatai hata kidogo. Mwenye kusafirisha dagaa na mawese ajua thamani yake. Twauliza jambo moja tu: madaraja makubwa ya nchi hii yanapochorwa, mwananchi huuona mchoro lini? Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 yataka watu washirikishwe katika tathmini ya miradi. Vyema. Lakini kuulizwa habari za shamba, kaburi na fidia si kuulizwa habari ya umbo.

Wako wasemao kwamba mwenye shida ya kuvuka hachagui umbo. Hiyo ni dharau. Mwanamke maskini ajapo dukani kununua kanga huzikunjua zote, akasoma jina, akatazama mji na pindo, ndipo atoe fedha yake. Mbona daraja, ambalo deni lake atalilipa yeye na wanawe, haonyeshwi?

Na uzuri si rangi. Mjini Isfahan, Shah Abbas wa Pili alijenga daraja la Khaju yapata mwaka 1650, akaliwekea vyumba vya kupumzikia na ngazi za kushukia majini. Watu wa Uvinza nao wangeulizwa, huenda wangetaka njia pana ya mwenye baiskeli na mzigo, na kivuli cha muuza samaki. Mhandisi ajua uzito utakaobebwa na nguzo. Hajui nani atasimama hapo saa ya magharibi.

Kwetu, watu wa kisiwa cha Uzi walizoea kungoja maji yatoke ndipo wavuke. Popote litakapochorwa daraja visiwani, twataka michoro isiyopungua miwili, yenye maelezo ya Kiswahili, itundikwe skulini na barazani pa msikiti mwezi mzima, na wazee, wanawake na vijana waseme waupendao. Wawakilishi wetu walipeleke neno hili katika kikao kijacho cha Baraza.