Mwacheni dada wa watu, hachagui mtoto kama wigi

Wadau, tangu staa mmoja wa Bongo Muvi (jina kapuni) aseme viinitete vyao vilipimwa vinasaba kabla ya kupandikizwa, komenti ni matusi tu. Eti anachagua mtoto kama wigi, eti anamchezea Mungu.

Hivi mnajua walichopima? Selimundu. Yeye na mumewe wote wamebeba kinasaba chake bila kuumwa, na kwa wazazi wa hivyo kila mimba ina uwezekano wa 1 kati ya 4 mtoto kuzaliwa na ugonjwa. Kila mimba, sio ukishapata mmoja mgonjwa basi wengine wamepona. Mtoto wao wa kwanza ana miaka 4 na anaijua wodi kuliko chekechea. Yale maumivu ya mifupa yanaliza mtu mzima, sembuse katoto.

Kipimo chenyewe zinachukuliwa seli chache za kiinitete cha siku 5 hivi, za upande utakaokuja kuwa kondo la nyuma. Rangi ya ngozi hakuna aliyeuliza.

Anayehoji viinitete vilivyoachwa vinaenda wapi, huyo ana hoja, ajibiwe. Ila wenye matusi mngekasirikia bei. Inakwenda kwenye mamilioni, na mama wa Tandale mwenye shida hiyohiyo anabeba mimba ya pili huku anaomba dua tu.