Kiti kizuri si lazima kiwe kiti ghali

Msimu wa maonyesho hapa Brussels huanza Septemba na kwisha Juni. Kila unapokaribia, naulizwa swali lile lile na familia zetu za Koekelberg na mitaa ya jirani: "Dada, mama anakuja kutoka nyumbani, watoto nao hawajawahi kuingia ukumbi wa kweli. Tukate tiketi gani?"

Swali si dogo. Viza ya matembezi ni siku 90 tu. Toa siku za baridi kali, siku zako za zamu na siku za kwenda kusalimia ndugu Antwerp au Paris, halafu hesabu zilizobaki. Jioni ambayo bibi, wazazi na wajukuu wote wana nafasi inaweza kuwa moja tu. Haifai bibi aimalize akitazama kisogo cha mtu.

Nyumbani tumezoea kuwahi. Pale Ngome Kongwe, Zanzibar, aliyefika mapema hutandika kanga kwenye ngazi za mawe mbele ya jukwaa, na hapo ni pake. Huku kumbi kubwa nyingi zina viti vya namba. Kugombea viti kumekwisha wiki kadhaa kabla hujavaa koti, na anayewahi ni yule aliyewahi kununua. Kwa hiyo ukishajua tarehe ya mama kutua Zaventem, tafuta tiketi wiki hiyo hiyo.

Tazama ramani ya ukumbi kabla ya bei

Chukua mfano wa La Monnaie, nyumba ya opera ya mjini. Watoto wasimulie kwamba ghasia zilizozaa Ubelgiji huru zilianza baada ya onyesho la hapo, tarehe 25 Agosti 1830. Jengo la wakati ule liliungua mwaka 1855, na la sasa lilifunguliwa mwaka uliofuata. Ukumbi wake una umbo la kiatu cha farasi, kama kumbi nyingi za opera za zama zile, ambako watu walikwenda kutazama na kutazamwa. Ukikaa ubavuni karibu na jukwaa, utawaona vizuri watu wa roshani ya pili yake, lakini sehemu ya jukwaa itakupotea. Tiketi za namna hiyo huwa rahisi, na mara nyingi huandikwa "visibilité réduite" kwa Kifaransa au "beperkt zicht" kwa Kiholanzi, maana yake huoni kila kitu. Mwanafunzi aliyekuja kusikiliza muziki atafurahi nazo. Mtoto wa miaka minane atachoka baada ya dakika kumi.

Kwa mtoto, viti vya chini mbele ya jukwaa vina hatari yake: sakafu ikiwa tambarare, mtu mzima mmoja mrefu anatosha kumharibia usiku. Safu ya kwanza ya roshani haina kichwa cha mtu mbele, ila uliza kwanza urefu wa kizuizi, maana mtoto mdogo anaweza kuishia kutazama ukuta. Uliza pia kama wana mto wa kumnyanyulia mtoto kwenye kiti. Wahudumu wa ukumbi wanaijua kila safu, nao hawachoki kuulizwa kwa simu.

Jambo la pili ni lugha. KVS, ukumbi wa Waflemi ulio karibu na kituo cha metro cha Yser, vituo viwili tu kutoka Elisabeth, huonyesha tamthilia nyingi zikiwa na maandishi ya tafsiri kwa Kifaransa, Kiholanzi au Kiingereza. Ukikaa safu ya kwanza au ya pili, unakunja shingo kusoma juu huku waigizaji wanakupita chini. Rudi nyuma kidogo, katikati, macho yachukue maandishi na nyuso pamoja.

Na bibi asiyesoma hata moja ya lugha hizo? Mchagulieni dansi, sarakasi au vikaragosi. Kama ni tamthilia, msimulieni kisa chote nyumbani kwenye chai, nani ni nani na nani anamdanganya nani. Kumnong'oneza ukumbini kunawaudhi majirani, na kunamnyima yeye nafasi ya kutazama.

Magoti, masikio na choo

Hapa nasema kama muuguzi. Mzee aliyetoka kukaa ndegeni saa nyingi, miguu ikamvimba, asipandishwe roshani ya tatu kwa sababu tu tiketi ilikuwa rahisi. Uliza kama kuna lifti na inafika ghorofa gani. Mkatie kiti cha mwisho wa safu, kando ya njia, anyooshe goti na atoke bila kuwanyanyua watu kumi. Angalia onyesho lina muda gani na kama lina mapumziko. Kumbi nyingi hazimruhusu aliyechelewa kuingia kabla ya mapumziko, na aliyetoka katikati huenda asirudi kwenye kiti chake. Anayetumia dawa za kukojoa aulizwe mapema, kwa heshima na faraghani, si mbele ya wakwe.

Nafasi za viti vya magurudumu ni chache na kwa kawaida haziuzwi kwa kubofya. Piga simu. Mwenye kifaa cha kusikilizia atafute alama ya sikio: baadhi ya kumbi zina mitambo inayopeleka sauti moja kwa moja kwenye kifaa chake.

Pale pasipo na namba

Ukiona "placement libre", rudi kwenye desturi za nyumbani: wahini. Toone, jumba la vikaragosi lililo kwenye kichochoro karibu na Grand-Place, lenye historia tangu 1830, lina mabenchi ya mbao darini. Linawafaa sana watoto, lakini ngazi na mabenchi yale havimfai kila bibi. Fikeni pamoja wakati milango inafunguliwa. Mmoja kutangulia na kutandaza makoti saba huku wengine wakitafuta maegesho ni mwanzo wa ugomvi.

Fedha isiwe ukuta

Wanafunzi, ulizeni bei ya vijana kabla ya kulipa bei kamili. Tiketi za dakika za mwisho zinamfaa mtu mmoja au wawili waliotoka zamu mapema. Familia ya watano isizitegemee, kwani viti vilivyobaki mara nyingi vimetawanyika.

Kwa familia yenye kipato kidogo kuna Article 27, shirika lililochukua jina lake kutoka kifungu cha 27 cha Tamko la Haki za Binadamu la mwaka 1948, kinachosema kila mtu ana haki ya kushiriki katika utamaduni wa jamii anamoishi. Tiketi zake ni euro 1.25, na hupatikana kupitia ofisi ya ustawi wa jamii ya manispaa, yaani CPAS, au vyama vinavyoshirikiana nalo. Wengi wetu tunaona haya kuuliza. Tunasema tutakwenda hali ikitengemaa. Hali hutengemaa polepole, na watoto hukua haraka. Mtoto aliyepita nje ya mlango ule miaka kumi na mitano bila kuingia ataamini kuwa umejengewa watu wengine. Kinachotakiwa ni kumuuliza mhudumu wako wa jamii swali moja tu.

Mkishaingia, mwekeni bibi kando ya njia, mjukuu mdogo karibu naye, na mtu mzima mmoja upande wa pili wa mtoto. Simu zizimwe, pipi zifunguliwe kabla taa hazijapungua. Mkitoka, muulizeni bibi ameona nini, na mpeni muda wa kujibu.

Mwezi ujao tutazungumza kuhusu vitabu vya dawa na vyeti vya chanjo ambavyo mama asisahau kubeba. Hadi hapo, kila la heri na mtazame vizuri.