Buster Keaton: Fundi Asiyemiliki Karakana Yake

Ukiwauliza wazee wetu habari za wachekeshaji wa sinema za zamani, jina la kwanza watakalokutajia ni la Charlie Chaplin. Jina hilo lilizoeleka mno, hata wengi husema kuwa ndilo lililotuzalia neno "chale", tunalomwitia mtu afanyaye mzaha jukwaani. Mwenzake, ambaye baadhi ya mabingwa wa filamu humweka sawa naye na wengine humweka mbele yake, hakuiachia lugha yetu neno lolote. Huyo ni Buster Keaton, Mmarekani, aliyezitunga, akaziongoza na kuzicheza filamu zake mwenyewe pasipo kutabasamu hata mara moja.

Alizaliwa tarehe 4 Oktoba, 1895, katika kijiji cha Piqua, jimbo la Kansas. Wazazi wake walikuwa wakizunguka mji hadi mji wakifanya michezo ya jukwaani, naye alikuwa angali mdogo mno alipoingizwa kazini. Mchezo wao ulikuwa hivi: mtoto humchokoza baba, baba humkamata na kumtupa. Humtupa ukutani, humtupa kwenye mapazia, mara nyingine humtupa hata kwa watazamaji. Mgongoni mwa nguo ya mtoto kulishonewa mkono wa sanduku la safari ili baba apate pa kushikia. Watetezi wa watoto walimwandama sana mzee huyo, na mtoto alikaguliwa mwili mzima kutafuta majeraha. Keaton mwenyewe, hata uzeeni, alikataa katakata kuwa aliteswa. Alisema alifundishwa kuanguka, na kuanguka ni ufundi. Kila mzazi na aamue mwenyewe. Mimi nakiri kwamba sikuweza kuisoma habari hiyo bila kumgeukia mwanangu aliyekuwa akicheza sakafuni.

Huko jukwaani ndiko alikogundua kwamba akicheka yeye, watu hawacheki; akinuna, ukumbi mzima huangua kicheko. Uso ule mkavu kama jiwe, uliokuja kumpa sifa, ulianza kuwa uso wa mtoto aliyekuwa akitazama vizuri maslahi ya kazi yake.

Baba alikuwa mlevi, na kadiri alivyozidi kunywa ndivyo mchezo ulivyozidi kuwa wa hatari. Mwaka 1917 mama na mwana walimwacha. Keaton alikwenda New York, akapata mkataba wa jukwaani wa dola 250 kwa juma. Kabla hajauanza, alipelekwa kuitazama karakana ya filamu ya mchekeshaji Roscoe Arbuckle. Aliiomba kamera, akaifungua skrubu moja baada ya nyingine mpaka akaelewa picha inavyopita ndani yake, kisha akaiunga tena. Mkataba wa dola 250 akauacha; akashika kazi ya filamu kwa dola 40.

Baada ya kutumikia jeshi Ufaransa mwaka 1918, ambako maradhi ya masikio yalimpunguzia usikivu, alipewa karakana ya kutengeneza filamu zake. Kati ya mwaka 1920 na 1928 alitoa filamu fupi 19 na ndefu 10. Iliyo karibu zaidi na ukurasa huu wa jamaa ni One Week ya mwaka 1920. Maharusi wanapewa nyumba iliyofungwa katika makasha, kila kasha na namba yake. Hasidi mmoja, aliyekuwa akimtaka yule bibi harusi, anabadili namba. Bwana harusi anajenga kwa utiifu wote, na nyumba inatoka kichwa mgomba: mlango uko juu hewani, kuta zimepinda, na upepo ukivuma nyumba yote huzunguka kama pia pamoja na wageni waliomo. Maharusi hawagombani. Wanaikokota nyumba yao mpaka inakwama relini. Garimoshi linakuja, wanafumba macho. Kumbe linapita reli ya pili. Wanashusha pumzi. Papo hapo linatokea jingine kutoka upande wa pili na kuifanya nyumba kuni. Bwana anapachika kibao cha kuuza, anaambatisha na maelekezo ya ujenzi, anamshika mkewe mkono, wanaondoka.

Hakutumia maandishi marefu. Alitafuta mwanzo mzuri na mwisho mzuri, akaamini kwamba katikati patajijenga penyewe. Wala hakupenda hila za kamera pale ambapo mwili ungeweza kufanya kazi. Katika Steamboat Bill, Jr. ya mwaka 1928, ukuta mzima wa mbele ya nyumba, wenye uzito unaokadiriwa kuwa tani mbili, unamwangukia, naye anapona kwa sababu amesimama pale pale linapotua tundu la dirisha. Ukuta ulikuwa wa kweli na nafasi ilikuwa ya inchi chache tu. Alipotengeneza Sherlock Jr. mwaka 1924, maji ya tangi la reli yalimwangusha chini, akaendelea na kazi. Miaka ilipita ndipo daktari akaona katika picha ya eksirei kuwa shingo yake iliwahi kuvunjika.

Lakini kampuni iliyobeba jina lake hakuwa na hisa ndani yake. Mwenye madaraka alikuwa Joseph Schenck, mwanyumba wake, yaani mume wa dada wa mkewe. Filamu ya The General ya mwaka 1926, ambamo injini nzima ya garimoshi iliangushwa mtoni kutoka katika daraja linalowaka moto, iligharimu fedha nyingi na haikurudisha zilizotarajiwa. Mwaka 1928 Schenck alimshauri ahamie kampuni kubwa ya MGM. Chaplin alimwonya asikubali. Keaton akamsikiliza mwanyumba, akatia sahihi.

Huko alikuta mabwana wa kumwandikia, wa kumpangia na wa kumkatalia. Mtu aliyezoea kuamka na wazo na kulipiga picha siku hiyo hiyo akawa wa kungoja ruhusa. Akaanza kunywa kama baba yake. Mwaka 1932 mkewe, Natalie Talmadge, alimtaliki, na watoto wao wawili wa kiume wakabadilishwa jina la ukoo, wakawa akina Talmadge. Mwaka 1933 akafukuzwa kazi. Baadaye kampuni ile ile ilimrudisha kwa dola 100 kwa juma, abuni vichekesho vya kuchezwa na wengine.

Mwaka 1940 alimwoa Eleanor Norris, mcheza dansi wa miaka 21, naye akiwa na miaka 44. Waliokuwa karibu nao walisema ndoa hiyo haitadumu. Ilidumu miaka karibu 26, mpaka mauti ilipowatenganisha, na bibi huyo ndiye aliyemsaidia kusimama tena. Katika miaka ya 1950, mwigizaji James Mason, aliyekuwa amenunua nyumba ya zamani ya Keaton, alikuta humo nakala za filamu zilizosahauliwa. Vijana wasiopata kuziona wakaanza kujaza kumbi. Mwaka 1960 alitunukiwa Oscar ya heshima, na mwaka 1965, katika tamasha la Venice, ukumbi mzima ulisimama ukimpigia makofi. Jackie Chan, ambaye nasi tumemshangilia akirukaruka juu ya mapaa, amekiri wazi kuwa Keaton ni mmoja wa walimu wake.

Alifariki tarehe 1 Februari, 1966, kwa saratani ya mapafu. Inasimuliwa kwamba wakati wa mazishi Bibi Eleanor alimtia rozari katika mfuko mmoja wa koti, na katika mfuko wa pili akamtia karata, ili popote atakapofikia asikose la kufanya.