Mwalo wa Geita na Kiyunani cha Diodorus: Maoni kuhusu Waombaji wa Uzamivu Waliotoka Taaluma Nyingine

Makala haya yanahusu swali ambalo idara zetu za Kiswahili haziwezi kulikwepa, ingawa halimo katika silabasi zetu: je, mhitimu aliyesomea jambo jingine kabisa, liwe ni uhandisi wa madini, jiolojia au Kiswahili chenyewe, aombe nafasi ya uzamivu katika taaluma ya Kiyunani na Kilatini? Wako wanaojibu upesi kwamba hilo haliwezekani. Wengine, kwa ukarimu uliopita kiasi, humwandikia barua ya sifa na kumtakia heri. Maoni yetu ni kuwa makundi yote mawili yanamdhulumu.

Tuanze na matini. Katika kitabu cha 3 cha historia yake, sura ya 12 hadi ya 14, Diodorus wa Sicilia (karne ya 1 K.K.) anaeleza machimbo ya dhahabu ya kusini mwa Misri. Maelezo hayo aliyachota kwa Agatharchides wa Cnidus, aliyeandika karne moja kabla yake na ambaye kitabu chake chenyewe kimepotea. Mwamba mgumu unachomwa moto ili ulegee. Vijana wenye nguvu wanaufuata mkanda wa dhahabu chini ya ardhi, taa zikiwa vipajini mwao. Watoto wanatambaa ndani ya mashimo kukusanya mawe yaliyovunjwa. Watu wa makamo wanayatwanga kwa michi ya chuma hadi yawe madogo kama punje za nafaka ya jamii ya kunde. Wanawake na wazee wanayasaga. Na mwishowe unga unamwagiwa maji juu ya ubao ulioinamishwa, udongo ukachukuliwa na dhahabu ikabaki kwa uzito wake.

Msomaji aliyekulia Nyarugusu au Kahama hahitaji kuchorewa picha. Duara, karasha na mwalo vyote vimo, ila karasha la leo linaendeshwa kwa injini na mwalo umetandikwa gunia. Tofauti nazo tusizifiche: wale walikuwa wafungwa na mateka, hawa ni watu huru wanaogawana mawe kwa mapatano. Hata hivyo, suala la watoto halijatuacha, kwani ripoti ya Human Rights Watch ya mwaka 2013 ilionyesha watoto wakifanya kazi katika machimbo madogo ya Geita, Shinyanga na Mbeya.

Sasa, mtu aliyewahi kusimama penye mwalo atauliza maswali ambayo mwanafilolojia hana sababu ya kuyawaza. Ni kiasi gani cha dhahabu kilichukuliwa na maji, na je, marudio yalisagwa tena? Kwa nini Diodorus hataji zebaki katika mfululizo huu wa kazi, ilhali Vitruvius anajua kuitumia kutoa dhahabu katika majivu ya nguo zilizotariziwa, naye Pliny, katika kitabu chake cha 33, anaeleza jinsi inavyoisafisha dhahabu? Hayo ni maswali ya uzamivu. Lakini hayajibiki kwa tafsiri ya Kiingereza, kwa kuwa mfasiri ambaye hajawahi kuona mwamba ukisagwa huenda akatumia neno moja mahali ambapo Kiyunani kina mawili.

Hapo ndipo penye mlima. Programu za Marekani kwa kawaida hutarajia mwombaji awe amesoma Kiyunani na Kilatini kwa miaka kadhaa, kisha humtaka aweze kusoma Kijerumani na Kifaransa. Asiye na lugha hizo huelekezwa kwenye mwaka wa maandalizi au kwenye uzamili, nao mara nyingi hauna ufadhili, wakati uzamivu wenyewe kwa kawaida unao. Kwa kijana wa Shinyanga mlango uliofungwa ni huo wa maandalizi, wala si akili yake. Mlango wa historia ya kale au akiolojia ni mpana kidogo, na tungemshauri aubishe huo kwanza.

Hutajwa sana Michael Ventris, msanifu majengo wa Uingereza aliyefumbua mwandiko wa Linear B mwaka 1952. Mfano huu hutumiwa vibaya. Ventris hakuwa na shahada ya taaluma hiyo, ni kweli, lakini lugha za kale alikuwa akizihangaikia tangu utotoni. Na kitabu kikubwa cha mwaka 1956 alikiandika pamoja na John Chadwick, bingwa wa Kiyunani.

Je, mwanafunzi wetu wa Kiswahili ana mtaji gani? Anao mkubwa kuliko anavyodhani. Periplus ya Bahari ya Eritrea, ya karne ya 1 B.K., inasema mji wa Rhapta uliitwa hivyo kwa sababu ya vyombo vyake vilivyoshonwa. Aliyesoma habari za mitepe ya Lamu ataelewa mara moja. Kitenzi hichohicho cha kushona ndicho kilichompa jina mghani wa tenzi za Homer, kama vile sisi tunavyotunga shanga na kutunga mashairi kwa neno moja. Mwaka 1971 S.S. Mushi alitupatia Mfalme Edipode wa Sophocles kwa Kiswahili, na inasikitisha kwamba kazi hiyo inasomwa zaidi kama tamthilia tu kuliko kama swali kuhusu lugha.

Kwa hiyo barua zetu za mapendekezo ziseme kweli: mwombaji amesoma Kiyunani kwa saa ngapi, kwa kitabu kipi, na nani alimpima. Kumwita “mwenye kipaji cha lugha” hakumsaidii mbele ya kamati itakayompa ukurasa wa matini autafsiri. Wala hatuna haja ya kungoja idara mpya ianzishwe. Wapo mapadri waliojifunza Kilatini seminarini, na Kiyunani cha Agano Jipya kinafundishwa katika vyuo vya teolojia. Idara inaweza kuwaalika kwa darasa la jioni moja kila wiki, kwa miaka miwili. Matini ya kuanzia tunayo: sura tatu za Diodorus, zisomwe taratibu, na mezani awepo mtu mmoja aliyefanya kazi kwenye mwalo.