Alama Zimefika Wizarani, Somo Limebaki Wapi?

Wiki ya mwisho wa muhula, walimu wa sekondari nyingi nchini Kenya hawakeshi tena na kikokotoo wakijumlisha alama kwenye karatasi pana ya darasa. Kila mmoja huingiza alama za somo lake kwa simu. Mfumo hujumlisha, hupiga wastani, hupanga nafasi, huchapa ripoti fomu na kumtumia mzazi ujumbe. Zeraki, kampuni ya Kenya iliyoanzishwa mwaka 2014, ilienea shuleni kwa mlango huo wa kumpunguzia mwalimu kazi ya mikono. Aliyewahi kugundua saa nne za usiku kwamba jumla ya Kidato cha Pili ina kosa hatadai kurudi kwenye karatasi.

Hata mzazi anayeuza parachichi sokoni Nunguni, juu kwenye vilima vya Kilungu, Makueni, anaweza kuupata ujumbe wake kwenye simu ya mulika mwizi: wastani, gredi, salio la karo. (Salio halikosekani.) Kinachokosekana ni habari kwamba binti yake anaielewa aljebra lakini hukwama kila anapokutana na sehemu, na kwamba kuna zoezi la kumsaidia Jumamosi hii.

Hapo ndipo makala hii inapoanzia. Mifumo ya mtandaoni inayouzwa shuleni kwa jina la ufundishaji hufanya zaidi kazi ya karani: huhesabu watoto, alama na pesa, kisha hupeleka hesabu hiyo juu. Serikali yenyewe ndiyo iliyotoa mfano. NEMIS, mfumo wa Wizara ya Elimu wa kusajili wanafunzi ulioanza kutumika mwaka 2017, ulimpa kila mwanafunzi aliyesajiliwa namba yake na kuufunga mgao wa fedha za shule kwenye namba hiyo. Mtoto asiye na cheti cha kuzaliwa alikaa darasani, akala uji, lakini kwenye mfumo hakuwepo. Mwalimu wa msingi wa Gredi ya 4 hadi ya 6 naye hupakua kazi za tathmini kutoka tovuti ya Baraza la Mitihani na kupakia alama, mara nyingi kwa bando alilonunua mwenyewe au kwenye saiba ya sokoni, tovuti ikiwa imelemewa na walimu wa nchi nzima siku za mwisho. Alama hizo si mchezo: za Gredi ya 4, 5 na 6 zilipangiwa asilimia 60 ya matokeo ya mwisho wa msingi, na mtihani wa kitaifa wa Gredi ya 6, KPSEA, uliofanywa mara ya kwanza Novemba 2022, ukabakiwa na 40.

Machi 2020 shule zilipofungwa kwa sababu ya korona, mifumo ilipata nafasi ya kuonyesha kama inafundisha. Waliokuwa na intaneti na kompyuta nyumbani waliendelea. Wengine walitegemea vipindi vya redio ya KBC, na maswali ya kampuni ya Eneza yaliyopita kwa ujumbe mfupi kwenye simu yoyote ile. Teknolojia duni kuliko zote ndiyo iliyopanda milima. Tableti za mradi wa serikali, zaidi ya milioni 1 zilizogawiwa tangu 2016, zilikuwa zimefungiwa makabatini katika shule nyingi, mwalimu mkuu akihofia wezi.

Njia nyingine ipo. Kolibri ni programu ya bure inayokaa kwenye kompyuta ndogo ndani ya darasa; wanafunzi huunganisha vifaa vyao nayo bila intaneti, mwalimu akaona nani amekwama na kwenye swali gani. Imetumika katika kambi ya wakimbizi ya Kakuma, Turkana, mahali ambapo hakuna anayeweza kusema mtandao ni bora kuliko wa Makueni.

Kuna pia suala la data. Tangu Sheria ya Kulinda Data ya 2019, taarifa za mtoto zinahitaji ridhaa ya mzazi, na mwaka 2023 shule moja ya Uthiru, Nairobi, ilitozwa faini ya zaidi ya shilingi milioni 4.5 kwa kuchapisha picha za wanafunzi bila ridhaa hiyo. Alama za miaka minne na madeni ya karo ni siri nzito kuliko picha, lakini bodi nyingi hazijauliza zitakuwa mikononi mwa nani mkataba ukiisha.

Kwa hiyo, wajumbe wa bodi na wazazi, muuzaji wa mfumo akija muhula ujao na projekta yake, mwacheni amalize maelezo. Kisha mwombeni azime intaneti, mumkalishe mtoto wa Gredi ya 7 mbele ya kifaa, na mtazame kama kuna chochote atakachojifunza.